Gunia Nililolifua

Kabla paka huyu hajafika nyumbani kwetu mtaa wa Tena, nilikuwa nimeshalaza watu wengi usingizi. Nimelaza watoto wangu watatu, mmoja wao mwenye kifua kilichokuwa kikipiga mluzi usiku kucha kila msimu wa baridi. Nimemlaza mama yangu mzazi miezi yake ya mwisho, alipokuwa akiamka kila mara kuuliza kama mlango umefungwa. Kwa hivyo dada yangu aliponipigia simu kuniambia kuwa paka wake amezaa, na amebaki mtoto mmoja wa kiume, mweusi mwenye miguu myeupe, sikuona la kuniumiza kichwa. Paka anakula, anajinyoosha, analala. Nilimwambia aniwekee.

Nilimtaka huyo paka, nasema wazi. Kitinda mimba wetu alikuwa ameenda chuo Eldoret, na nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa ikitubana miaka yote ikawa ghafla kubwa. Mume wangu ni dereva wa basi la shule. Anaamka saa kumi alfajiri, na ikifika saa tatu usiku ameshalala. Mimi hubaki sebuleni na televisheni ambayo hata siitazami. Nilitaka kitu cha kunijia mbio nikifungua mlango.

Dada yangu mkubwa anaishi Njiru, kwenye kiploti chake mwenyewe chenye kuku na geti la mabati. Mimi na yeye hatukuwa tumeelewana vizuri tangu mama afe, na sababu yake nitaisema mbele. Simu ile ya paka ndiyo ilikuwa ya kwanza yeye kunipigia bila kuwa na msiba au mchango. Jumapili baada ya kanisa nikaenda.

Kwetu paka hachukuliwi ovyo. Anatiwa kwenye gunia asione njia, maana akiiona atarudi alikotoka. Anayempokea hasemi asante, na akishatoka getini hageuki nyuma. Wala harudi kwenye nyumba ile mpaka paka amezoea, asije akamletea harufu ya kwao akaanza kulia upya. Mama yetu alikuwa mtu wa kanisa kabisa, lakini kwa mambo ya paka alishika haya yote, nasi tukayashika bila kuulizana.

Dada alinitolea paka ndani ya gunia dogo la katani, amelifunga mdomo kwa kamba.

“Hili gunia nimelitoa kwenye katoni yao,” aliniambia. “Mlaze juu yake. Na usilifue kwanza.”

“Sawa, dada.”

Nilijibu hivyo kwa mdomo tu, kama mdogo anavyomjibu mkubwa wake ili aachwe aende. Nikapanda bodaboda, nikamwambia mwendeshaji aingie mitaa ya ndani, atoke, aingie tena, mpaka akaniuliza kama kuna mtu ninayemkimbia. Nilipofika nyumbani hata mimi nilikuwa nimechanganyikiwa, sembuse paka.

Sasa, lazima mjue kazi yangu. Mimi ni mtu wa dobi. Zaidi ya miaka ishirini nimefanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na siku hizi mimi ndiye msimamizi. Damu, dawa ya kidonda, uji wa mgonjwa, hakuna doa lililowahi kunishinda. Shuka ikitoka mikononi mwangu unaweza kuweka pua na usisikie chochote. Na lile gunia lilikuwa linanuka. Lilikuwa na mkojo, maziwa yaliyochacha, na kitu kingine kama sufu iliyonyeshewa. Sikuwa nimevua hata viatu nilipoliloweka kwenye maji ya moto na sabuni. Maji ya kwanza yalitoka meusi. Ya pili nikatia dawa ya kuua viini. Kisha nikalianika kwenye kamba ya balkoni, na ilipofika jioni halikuwa na harufu hata kidogo. Nilijisikia vizuri sana.

Paka nikamtengenezea kitanda kipya. Katoni safi, taulo safi lililokunjwa pembe nne kama tunavyokunja kazini. Nilimwonyesha mume wangu, akasema hata yeye hajawahi kukunjiwa hivyo.

Taa zilipozimwa, paka akaanza. Hakulia kilio cha njaa. Kilio cha njaa nakijua, ni cha kudai. Hiki kilikuwa kirefu, kinaanzia chini na kupanda, kisha kinakatika kana kwamba anasikiliza kama kuna atakayemjibu. Hakuna aliyemjibu, akarudia. Nilimpashia maziwa ya paketi, akayanywa yote, na kufikia alfajiri lile taulo la pembe nne ilibidi lifuliwe. Kosa hilo nililijua siku nyingi na nikalifanya vilevile kwa usingizi. Maziwa ya ng'ombe yanaharibu tumbo la paka mdogo.

Usiku wa pili nikamfungia bafuni, nikidhani giza na nafasi ndogo vitamtuliza. Bafu letu lina vigae mpaka juu. Sauti ya paka mmoja ikawa ya paka sita.

“Mama watoto,” mume wangu aliuliza gizani, “huyu umeniletea ni paka ama ni ambulensi?”

Usiku wa tatu nikampandisha kitandani, akamshambulia mzee vidole vya miguu.

Asubuhi yake nilikutana ngazini na msichana anayekaa mlango unaotazamana na wetu, anayesomea mambo ya kompyuta.

“Niaje mathe. Huyo mtoi wako aliimba sana jana.”

“Haimbi, analia.”

“Si anashinda amelala, nyinyi mkiwa job? Usiku ndio anaamka fresh. Mchokeshe jioni. Mchezeshe mpaka aheme, umlishe, alafu umuwekee chupa ya maji moto. Atazima tu.”

Nilimwambia mimi nilikuwa nalaza watoto yeye akiwa bado hajazaliwa. Akacheka, akashuka. Lakini maneno yake niliyashika.

Jumatano ile ile, mume wangu alirudi kazini akakaa kwenye kochi bila kuvua viatu. Hajawahi kukaa hivyo. Nilimletea chai, akaishika bila kunywa.

“Leo nimegonga geti la shule,” alisema. “Na kioo cha pembeni. Watoto wakiwa ndani.”

“Kuna aliyeumia?”

“Hakuna. Lakini sikuliona lile geti. Nilifumba macho kidogo tu, nikafumbua, likawa hapo.”

Paka alikuwa amelala fofofo juu ya rimoti, maana mchana hana neno.

“Leo usiku na kesho,” mume wangu akasema. “Akilala, akae. Asipolala, Ijumaa namrudisha Njiru mimi mwenyewe. Siwezi kubeba watoto wa watu hivi.”

Alikuwa na haki. Nilichokihisi ni uchungu, tena uchungu wa kitoto, kama wa mtu anayenyang'anywa zawadi mikononi. Nikakaa kitako na kuanza kazi.

Jioni hiyo nilimchezesha paka kwa uzi wenye kipande cha karatasi mwishoni. Sijui niliwahi lini kutambaa sakafuni hivyo. Tulizunguka meza, tukapita chini ya kochi, tukarudi, mpaka akalala ubavu huku ulimi nje. Nikampa omena, wale dagaa wadogo, waliochemshwa bila chumvi. Akala, akajilamba uso, nikajaza chupa maji ya moto, nikaifunga kwa kitambaa na kumwekea ubavuni. Yule msichana alisema kweli. Paka alilala. Mume wangu alilala. Mimi nikalala nikiwa nimetabasamu kabisa, nikijua nimeshinda.

Saa saba akaanza tena.

Niliruka kitandani kabla mzee hajageuka, nikamchukua paka na katoni yake, nikafunga milango yote na kukaa naye jikoni. Safari hii sikumbembeleza. Nilimweka chini nikamtazama, kama ninavyotazama mashine iliyokwama kabla ya kumwita fundi. Akaenda kwenye katoni. Akanusa pembe moja, ya pili, ya tatu. Akapanda juu ya taulo, akaanza kulikanda kwa miguu ya mbele, mmoja baada ya mwingine, akaacha, akanusa pale alipokanda, akalia. Akashuka. Akafika kwenye mlango wa balkoni, ambako gunia lilikuwa limekunjwa tangu lilipokauka. Akaingiza pua yake yote ndani ya mkunjo. Akapiga chafya kwa ile dawa. Kisha akakaa pale pale kando yake, akainua kichwa na kulia kile kilio chake cha kusubiri jibu.

Kosa langu nililijua hapo hapo. Yeye alilikumbuka gunia, lakini gunia halikumkumbuka yeye. Harufu ya kwao ilikuwa imekuja naye ndani ya hilo gunia, na mimi nilikuwa nimeimwaga kwenye shimo la bafu pamoja na maji meusi. Mtu mwingine angelaza paka kwenye gunia chafu na kusahau. Ilihitaji mtu wa dobi kuharibu vizuri namna ile.

Alhamisi niliomba ruhusa nikatoka kazini mapema, nikaelekea Njiru. Nilijua navunja mwiko wa kurudi, na hilo halikunisumbua sana. Lililonisumbua ni kwamba ningelazimika kumwambia dada yangu kuwa alinionya na sikusikia. Na hapa ndipo pa kueleza yaliyokuwa kati yetu.

Mama alipofariki, nguo zake zote nilizichukua mimi. Kwetu nguo za marehemu hufuliwa na kuanikwa, kisha watu wa nyumbani hukaa siku moja kugawana. Nilizifua kwa mikono, si kwa mashine, hata vitambaa vya kichwani. Siku ya kugawana nikahesabu na kukuta sweta yake ya kijani haipo. Ile aliyoivaa kila jioni, yenye kifungo kimoja cha kahawia nilichomshonea mimi baada ya cha kijani kupotea. Nilikuwa nimeitaka hiyo kuliko kitu chochote. Nilimwuliza dada mbele ya shangazi zetu wote. Akasema hajui iko wapi, akaangalia pembeni, nami nikamwita mwizi. Ilikuwa imeshapita miaka mitatu, na neno hilo hakuna aliyelirudisha.

Nilimkuta akiwarushia kuku mahindi.

“Umerudi,” alisema.

“Nimerudi.”

“Hata wiki haijaisha.”

“Paka halali, dada. Na asipolala leo, mzee anamrudisha kesho.”

“Na gunia?”

Nilimtazama kuku mmoja.

“Nililifua.”

“Kwa maji moto?”

“Kwa maji moto. Na dawa.”

Dada yangu akalikalia jerikeni lililokuwa nyuma yake, akacheka. Alicheka mpaka akajipangusa macho kwa ncha ya leso, na kuku wakasogea mbali.

“Cheka tu,” nilimwambia kwa hasira. “Mzee wangu amesinzia kwenye usukani na watoto wa watu nyuma.”

Akaacha kucheka mara moja. Aliinuka, akaingia ndani. Alikawia. Kwa kuwa mimi ni mdogo wake na ile ni nyumba ya dada yangu, nilimfuata mpaka chumbani bila kuitwa. Alikuwa amepiga magoti, anavuta katoni kutoka chini ya kitanda. Paka mama hakuwepo, na watoto wengine walikuwa wameshagawiwa watu. Ndani ya katoni kulikuwa na kitu cha kijani kilichojaa manyoya meusi na meupe. Nilikiona kifungo cha kahawia kabla sijajua ninatazama nini.

Sikuwa nimepata hasira kama ile tangu siku ile mbele ya shangazi zetu.

“Ulisema hujui iko wapi.”

“Ningekwambia, ungeifua,” dada alijibu.

Hakuniangalia. Alikuwa anaipangusa manyoya kwa kiganja, taratibu.

“Niliitoa kitandani kwake siku ile ile, kabla hujafika na mabeseni yako. Nikawa naiweka hapa kwa mfuko. Jioni nikizidiwa naitoa, nanusa, nairudisha. Alikuwa humu, unajua. Mafuta yake ya nywele, moshi, yeye mwenyewe. Miaka miwili alikaa. Halafu akaanza kwenda kidogo kidogo, hata nikiifunga namna gani. Paka alipoingia akazalia humo sikumfukuza. Ilikuwa imebaki nguo tu, na wale walitaka joto.”

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Niliwaza zile nguo zote nilizozianika ua mzima, safi, zinapepea, na shangazi zetu wakinisifu. Nilikuwa na magauni mawili ya mama kabatini ambayo yananukia sabuni. Sikuwahi kuyanusa mara ya pili.

“Ningeifua, kweli,” nilimwambia. “Na neno nililokuita sikupaswa kukuita.”

“Limepita.”

“Halijapita. Nisamehe.”

Alitikisa kichwa kukubali. Kisha akatoa mkasi kwenye kopo lake la nyuzi, akaikunjua sweta magotini, akaukata mkono wa kushoto kuanzia begani. Sufu ilikuwa nzito na mkasi haukuwa mkali, ikamchukua muda. Mimi nilitazama tu. Alipomaliza aliukunja mara mbili, akanikabidhi.

“Huo ni mgao wako,” alisema. “Mwekee mtoto alale.”

Sikusema asante, kwa sababu ya paka. Nilifika getini, na hapo nilipaswa kutoka moja kwa moja. Niligeuka. Dada alikuwa bado amesimama mlangoni na mkasi mkononi, na mimi nikampungia mkono mpaka naye akapunga.

Usiku huo nilifanya yote kwa mpangilio. Uzi kwanza, mpaka akahema. Omena baada ya uzi. Chupa ya maji moto baada ya omena. Kisha nikauweka ule mkono wa sweta ndani ya katoni, juu ya taulo. Paka alisimama. Aliunusa kutoka mwanzo hadi mwisho, bila haraka. Akaukanda, na safari hii hakuacha kukanda. Halafu akaingia kwenye mdomo wa ule mkono, pale ulipokatwa begani, kichwa kwanza, akatambaa ndani mpaka ukabaki mkia tu nje, na ule mkia nao baadaye ukatulia.

Sikulala. Nilikaa gizani nikingoja saa saba. Ilipita. Saa nane ikapita. Nilimsikia mume wangu akikoroma chumbani, mkoromo mzito wa mtu aliyefika chini kabisa, na nikaona ni sauti nzuri kuliko nilivyowahi kukubali. Saa kumi aliamka mwenyewe, akaja sebuleni na taa ya simu, akamulika katoni, akanimulika mimi.

“Umempa nini?”

“Nimempa cha kwao.”

Aliinama akautazama ule mkia. Akanyoosha kidole, akaugusa kidogo tu.

“Basi akae,” alisema, akaenda kuoga.

Leo mtu akiniuliza, namjibu bila kusita. Mchokeshe, mlishe, mpashe joto, na usimwamshe kucheza akiamka usiku hata akikutazama vipi. Lakini kwanza mwombe anayekupa paka akupe na kitambaa walicholalia, na sabuni yako iweke mbali. Hilo la mwisho nalisema kwa sauti zaidi.

Jumamosi ni siku yangu ya kufua nyumbani. Nilikusanya mashuka, mapazia, sare za mzee, taulo la paka, vyote. Mkono wangu ukapita kwenye katoni ukauokota na ule mkono wa sweta, kwa mazoea tu, na nilikuwa nimeshauinamisha juu ya beseni nilipojikamata. Paka alikuwa ananitazama. Niliusogeza puani nikavuta pumzi mpaka mwisho. Sitadanganya. Ulinuka paka, basi. Nikavuta tena hata hivyo, halafu nikautupia begani usije ukachanganyika na nguo nyingine.

Simu ikalia. Nilijipangusa povu kwenye leso nikapokea. Alikuwa dada.

“Analala?”

“Analala. Usiku wa pili huu.”

“Mzee?”

“Naye pia.”

Nilisikia kuku wake.

“Leo si Jumamosi?” aliuliza. “Ule mkono umeufua?”

Ulikuwa begani kwangu, mkavu, na manyoya yake yananiwasha shingo.

“Sijaufua.”

“Usiufue.”

“Siufui, dada.”